Mpeasi wa Kuanikia Nguo

Sehemu ya Tisa

"Mti huu una miaka thelathini na moja."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, mdomo wa Mwenyekiti ukiwa wazi. Wiki nzima imepita, wasomaji wangu, na mdomo huo bado haujafungwa.

Kwa aliyejiunga nasi leo: tuko kwenye shamba la mapeasi, mistari arobaini ya miti, na katikati nyumba ya mawe yenye baraza pana. Ni mali ya familia moja. Kaka mkubwa anaitwa Mwenyekiti, ingawa hakuna mkutano uliowahi kumchagua. Amewaita watu wa ofisi ya mambo ya kale waje watangaze shamba lao kuwa urithi wa kihistoria. Kibao cha shaba kimekwisha kuchongwa: *Mti wa Kwanza, ulipandwa na Babu Mwanzilishi miaka tisini na nane iliyopita.* Mti wenyewe umezungushiwa uzio mweupe, umepigwa chokaa shina, na asubuhi hii umefungwa utepe kama bibi harusi.

Kisha mtaalamu wa miti, kijana mpole anayeitwa Miwani kwa sababu inayoonekana, akatoa keekee yake nyembamba, akatoboa shina, akachomoa kijiti chembamba kama penseli na kuhesabu mistari yake, mmoja kwa kila mwaka, mbele ya kadamnasi.

Thelathini na moja.

"Hesabu tena," Mwenyekiti alisema.

"Nimehesabu mara tatu."

"Basi chombo chako kibovu!"

"Chombo changu ni chuma chenye tundu, Bwana Mwenyekiti. Hakina cha kuharibika."

Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki walianza kunong'ona. Mgeni rasmi, mwili wake ukiwa umekijaza kiti hadi pembeni, aliacha kutafuna peasi. Hakujua ameze au ateme, akabaki nalo shavuni.

Kwenye safu ya nyuma alisimama dada yao wa mwisho, yule tunayemwita Mkasi. Alipewa jina hilo kwa ajili ya mkasi wa kupogolea anaoning'iniza kiunoni toka asubuhi hadi jua linapozama. Mwenyekiti hutoa hotuba kuhusu miti. Mkasi huipogoa, huibebesha vikonyo vya miti mingine, huifunga majeraha na kuifukuzia wadudu. Miti inayomjua Mwenyekiti haizidi mmoja, nao ndio huu uliokwisha kumuumbua.

Mkasi alijua kitakachofuata. Kweli kikafuata.

Makofi.

Mtu mmoja tu alikuwa anapiga makofi, taratibu, kwa raha zake. Ni kaka wa kati, Mjini. Alitoka shambani akiwa na miaka tisa kwenda shule ya bweni, na tangu hapo hajashika jembe ila kwa kupiga picha.

"Ahsante sana, mtaalamu," alisema. "Umenirahisishia kazi."

Akafungua jalada la plastiki, akatoa karatasi iliyopauka, akakohoa kidogo kama wasomao habari.

"Wosia wa Babu. Nanukuu. *Shamba langu lisigawanywe maadamu mti wa kwanza ungali hai. Mti huo ukifa, kila mmoja wa ukoo achukue sehemu yake, afanye apendavyo.*" Akakunja karatasi. "Mti wa kwanza umekufa, ndugu zangu. Umekufa miaka thelathini na moja. Mimi nachukua sehemu yangu, na mimi napenda maghorofa."

"Maghorofa?" Mkasi alisikia sauti yake mwenyewe. "Juu ya miti?"

"Juu ya visiki, dada."

Mkasi aliitazama mistari ya miti ikishuka kuelekea mfereji. Mwezi uliopita tu alikuwa amebebesha vikonyo mia mbili kwa mikono yake, kila kimoja amekifunga utepe wa nailoni, na asubuhi ya leo vitatu vilikuwa vimeanza kutoa macho ya kijani. Alitaka kulia. Badala yake akakasirika, maana kwake hasira ndiyo huja kwanza.

Akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Kaka," alimwambia Mwenyekiti, "mti wa zamani ulikufaje?"

"Mti gani?"

"Uliokuwa hapa. Kabla ya huu."

"Mambo ya zamani, dada yangu... Hali ya hewa..." Mwenyekiti alianza kutokwa jasho jembamba. "Kulikuwa na upepo mwaka ule."

"Upepo!" Mkewe aliinuka kwenye kiti, kofia kubwa ikamwendea upande. "Sema mwenyewe, au nitasema mimi."

"Mke wangu, mbele ya wageni?"

"Upepo ulikuwa na magurudumu manne," mke akawatangazia wageni. "Tulikuwa wachumba. Alitaka kunionyesha anavyojua kurudisha trekta nyuma. Akarudisha. Tela likaugonga mti, ukang'oka na mizizi yake. Mimi mwenyewe nilirukia kwenye mtaro."

Kicheko kilichopasuka pale kingeweza kuangua matunda yote ya msimu.

"Lakini Baba alituambia ameukata chini ili uchipue upya," Mkasi alisema. "Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka alitupeleka kuuona unavyochipua!"

"Na kweli ulichipua," Mwenyekiti akajitetea kwa sauti ndogo.

"Ulipandwa!" mkewe akamkata. "Mche mzima, usiku mmoja kabla mama yako hajarudi safari!"

Sasa fikirieni, wasomaji. Kila mavuno, kwa miaka thelathini na moja, bwana huyu amesimama hapa, kiganja juu ya shina, akieleza jinsi Babu alivyoumwagilia mti kwa jasho lake. Kila mwaka alifika kwenye neno "jasho" na chozi likamtoka, jicho la kushoto, bila kukosea. Watu wametoka mbali kuja kulitazama chozi hilo. Na muda wote huo alijua kwamba anaupapasa mti aliouchukua kitaluni baba yake ili kumfichia aibu.

"Basi tumekubaliana," Mjini alisema, akitazama saa. "Wapimaji wangu wako getini."

"Wako getini?" Mkasi aligeuka. Kweli, nje ya geti palikuwa na gari, na juu yake vijiti vyekundu vya kupimia. Mjini alikuja na wapimaji kwenye sherehe ya urithi! Ina maana alijua. Ina maana yeye ndiye aliyemshauri mtaalamu aje na keekee.

"Nipe huo wosia," Mkasi alisema.

"Nimeshausoma."

"Mimi sijausoma. Au unaogopa?"

Watu walikuwa wanatazama. Mjini hakuwa na njia, akaunyoosha mkono wenye wosia. Mkasi akausoma pole pole, kidole kikifuata maneno, kama anavyokagua gome la mti linapoficha ugonjwa. Akarudia mstari mmoja. Akarudia tena.

"Hapa pameandikwa *mti wa kwanza*."

"Ndiyo. Huo uliokufa."

"Hapakuandikwa *mti wa kwenye uzio*. Nani alisema wa kwenye uzio ndio wa kwanza?"

"Kila mtu anajua!"

"Kila mtu alijua pia kwamba huu una miaka tisini na nane."

Mgeni rasmi akameza peasi lake hatimaye. Hapo ikasikika sauti ya ajabu, kama kuku anayekabwa. Ilitoka kwenye kiti cha mbele kabisa. Alikuwa mama yao, Bi Mkubwa, miaka sabini na minane, kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mama, unalia?" Mwenyekiti akamkimbilia.

"Nacheka," mama alisema, akajifuta macho. "Niacheni nicheke. Nimeolewa hapa miaka sitini nikingoja mtu aulize swali hilo, na mnaniletea hotuba tu."

Mkasi akapiga magoti mbele yake. "Mama. Mti wa kwanza ni upi?"

"Babu yenu alipenda sifa, Mungu amrehemu. Wageni walipoanza kuja aliwaonyesha ule wa karibu na barabara, kwa kuwa umenyooka. Wa kwanza aliuona umepinda, una kibiongo, alisema hauna sura ya kukutana na watu. Lakini alipokuwa anaandika wosia aliniambia kwa kinywa chake: mkwe wangu, wa kwanza ni ule wa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya jiko. Nyote mnaujua. Mmeanikiwa nepi zenu pale."

Wote watatu wakatazamana. Mpeasi uliopinda nyuma ya jiko! Ule wenye misumari ya kamba ya nguo! Mti ambao Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kuuita uchafu, na ambao kwa miaka nenda rudi umebeba mashuka, soksi na mengine ambayo gazeti hili halitayataja.

"Basi uko hai!" Mkasi aliruka. "Mwezi huu umetoa maua. Uko hai, Mama!"

Uso wa Mjini ukashuka. Lakini uso wa Mwenyekiti ulifanya jambo baya zaidi. Uligeuka rangi ya majivu.

"Ule wa nyuma ya jiko," alisema. "Wenye kamba."

"Ndio huo, kaka."

"Nimeagiza ukatwe."

"Lini?"

"Leo. Nilisema wageni wakiongezeka patahitajika vyoo. Pale ndipo patakapojengwa vyoo."

Na kama aliyekuwa akingoja aitwe, msumeno wa mashine ukaunguruma nyuma ya nyumba.

Mkasi hakusubiri sentensi nyingine. Aliruka uzio mweupe, akapita kwenye utepe ukamnasa kifuani, akaupasua, akakimbia nao unapepea mgongoni. Akapinda kwenye ghala la makreti, akateleza kwenye maganda, akainuka. Nyuma yake alisikia viti vinaanguka. Mkutano mzima ulikuwa unakuja. Hakuna hotuba ya Mwenyekiti iliyowahi kuwainua watu kwa kasi ile.

Alipofika nyuma ya jiko, mkata miti alikuwa ameinama, vifuniko masikioni, msumeno umeshaingia kwenye shina na unga mweupe wa mti unaruka.

"Acha!"

Hakusikia.

"Acha, nasema!"

Hakusikia chochote. Kumshika mkono mtu mwenye msumeno ni kujitafutia kilema. Mkasi akatazama huku na huku, akaona shuka kubwa bichi kwenye kamba, akalivuta na vibanio vyake, akamrushia bwana yule kichwani.

Msumeno ukazimika. Chini ya shuka ikatoka sauti ya mtu aliyedhani amefikwa na mauti.

"Mama yangu weee! Nani huyo?"

"Samahani, fundi. Mti huu haukatwi."

Mkata miti akajifunua, nywele zimelowa. "Amueni mnachotaka! Nimefika hapa saa mbili. Nimekaa kutwa nzima sijagusa mti kwa sababu ya huyu mama." Akaonyesha kidole. "Ameniambia ningoje atoe nguo. Anatoa moja, anaikagua, anaikunja, anarudi ndani. Anatoa nyingine. Nimemwona ametoa soksi moja, akaenda, akarudi kuchukua ya pili! Sasa nimechoka, nikasema nianze na nguo zikiwemo."

Aliyeonyeshwa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono imejikunja kwa maji, beseni kiunoni. Huyu ndiye Bi Sabuni. Anafua katika nyumba hii miaka arobaini. Kabla yake alifua mama yake. Hakuwa amealikwa kwenye sherehe. Mtu alipaswa kuosha vitambaa vya meza.

"Ahsante, Bi Sabuni," Mkasi alisema, akihema.

"Nguo zilikuwa mbichi, binti yangu," Bi Sabuni alijibu.

Mkasi akapiga magoti akachunguza jeraha. Vidole vinne kina chake. Palikuwa pabaya, lakini shina lilikuwa nene kama pipa. Akachomoa mkasi, akakwaruza gome juu ya jeraha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi, chenye maji.

"Ni mzima," alisema. "Nitaufunga. Utapona."

"Umekufa!" Mjini alifika, viatu vya ngozi vimejaa matope. "Umekatwa, umekufa, nimeuona kwa macho yangu!"

"Umeona maua pia? Maiti huwa inatoa maua?"

"Hata hivyo, nani anajua kama huu ni wa kwanza? Neno la mama tu, na mama alikuwa anacheka!"

"Miwani atajua," Mkasi alisema.

Mtaalamu alifika akiwa na keekee mkononi, amefuatwa na mgeni rasmi aliyekuwa akipumua kama treni. Miwani hakubishana na mtu. Akachagua sehemu nzuri ya shina, akaweka chuma, akazungusha. Watu wakasogea mpaka Bi Sabuni akalazimika kuinua beseni lake juu ya vichwa vyao. Kijiti kikatoka. Miwani akakilaza kwenye ubao, akakipangusa, akatoa sindano na kioo cha kukuzia.

"Thelathini," alisema. "Thelathini na moja. Thelathini na mbili."

"Tumevuka trekta," mke wa Mwenyekiti akanong'ona, na walio karibu wakacheka.

Hamsini. Sitini. Mjini akaanza kung'ata ukucha. Themanini. Mkasi alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Tisini.

"Tisini na sita. Tisini na saba. Tisini na nane."

Kelele zikapasuka! Mkasi akamkumbatia mama yake, akamkumbatia Bi Sabuni na beseni lake, akakaribia kumkumbatia mkata miti. Shamba halitagawanywa! Nje ya geti, mtu wa vipimo aliona mikono ikiinuliwa, akawasha gari kwa usalama wake.

Mwenyekiti, rangi imemrudia, alikuwa ameshapanda juu ya kreti.

"Ndugu wananchi! Mimi siku zote, ndani ya moyo wangu, nilikuwa nahisi kwamba mti huu una jambo. Nilipokuwa napita hapa nilikuwa nasimama, naweka kiganja hivi, namkumbuka Babu na jasho..."

Jicho la kushoto likaanza kung'aa.

"Mia moja na nne," Miwani alisema.

Watu wakamgeukia.

"Mia moja na tano. Mia moja na sita."

"Wewe, imetosha!" Mwenyekiti alisema kutoka kwenye kreti. "Tumekwisha fika!"

"Ninyi mmefika, bwana. Mistari haijafika."

Akaendelea. Sindano ilikuwa inasogea, na kadiri ilivyosogea ndivyo kicheko kilivyopungua, mpaka nyuma ya jiko pakasikika maji yanayodondoka kutoka kwenye nguo za kambani.

"Mia moja ishirini na saba," Miwani akamaliza. Akaivua miwani, akaifuta. "Babu yenu alifika hapa miaka mingapi iliyopita?"

"Tisini na nane," Mwenyekiti alijibu. "Imeandikwa kwenye shaba."

"Basi alipofika aliukuta mti huu una miaka ishirini na tisa. Sikuhesabu vibaya. Ninyi nyote mmenisikia."

"Labda uliota wenyewe," Mjini alisema upesi. "Ndege huangusha mbegu."

"Huu umebebeshwa," Mkasi alisema. Hakutaka kusema, lakini mdomo ulikwisha kusema. Alikuwa ameinama chini ya shina, kidole kwenye kovu la zamani, ule uvimbe ambao wote waliuita kibiongo. "Tazameni maungio haya. Shina la chini ni la aina nyingine. Kuna mtu alikata kikonyo, akakifunga, akakilea. Mtu aliyejua kazi."

Alijua kazi hiyo kwa sababu ndiyo kazi yake. Na alijua pia kitu kingine: ushindi alioushangilia dakika tatu zilizopita sasa ulikuwa na mwenyewe, na huenda mwenyewe hakuwa wao.

"Mama," alisema. "Nani aliupanda?"

Bi Mkubwa hakucheka tena. Hakumtazama Mwenyekiti, wala Mjini, wala mgeni rasmi. Alikuwa anamtazama Bi Sabuni, na Bi Sabuni alikuwa anamtazama yeye, kama wanawake wawili waliowahi kulizungumza jambo hili mara moja tu, zamani sana, wakafunga mlango.

"Waambie," Bi Mkubwa alisema. "Mimi nimechoka kunyamaza."

"Atuambie nini?" Mwenyekiti alishuka kwenye kreti. "Mama, huyu ni mfuaji!"

Bi Sabuni aliliokota shuka lililoanguka, akalikamua mpaka tone la mwisho, akalitia kwenye beseni, akaliegemeza beseni kiunoni, kisha akaghairi, akaliweka chini.

"Naomba kiti," alisema.

Miaka arobaini katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Hakuna aliyesogea. Basi Mkasi akaenda mwenyewe mpaka kwa mgeni rasmi, aliyekuwa amebebewa kiti chake na walinzi hadi nyuma ya jiko, akamwambia, "Samahani, mzee," na mzee akainuka bila kujua kwa nini.

Bi Sabuni akakaa. Akalinyoosha gauni lake magotini. Akamtazama Mwenyekiti, kisha Mjini na karatasi yake ya wosia, na mwisho, kwa huruma kidogo, akamtazama Mkasi.

"Babu yenu hakuja hapa kununua shamba," alisema. "Alikuja kuomba kazi. Na aliyemwajiri ni bibi yangu."